Nyota badilifu milioni mbili, darubini moja: nianze na zipi?

Swali: "Nafundisha fizikia katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Singida. Nina darubini ya macho mawili ya 10x50, anga letu ni jeusi, na kwa wiki napata usiku mmoja au miwili ya kukaa nje bila kuharibu kazi ya kesho yake. Nimesoma kwamba hata mtu asiye mtaalamu anaweza kupima nyota zinazobadilika mwanga, na vipimo vyake vikatumika. Nikafungua orodha ya nyota hizo, nikakuta zimepita milioni mbili. Nichague vipi?"

Mwalimu, salaam. Orodha uliyoifungua ni daftari la usajili. Kila nyota iliyowahi kuonekana ikibadilika imeandikwa humo, na nyingi hazionekani bila darubini kubwa yenye kamera. Ifunge kwa sasa. Nitakutajia nyota nne za kuanzia: Eta Aquilae, Delta Librae, R Hydrae na Mira. Mvua zikianza, ongeza Betelgeuse. Halafu nitakueleza kwa nini nimezichagua hizo, maana ukishika sababu zake, ya sita na ya saba hutahitaji kuniuliza.

Wengi wanaponiuliza, huanza na nyota: ipi ni maarufu, ipi inavutia. Mimi huanza na kalenda ya mtu. Kila nyota badilifu ina mwendo wake, na mwendo huo ndio unaoamua utoke nje mara ngapi. Zipo zinazomaliza mzunguko kwa saa chache, zipo za wiki moja, zipo za mwaka mzima. Zipo pia zinazolala miezi kisha zikalipuka usiku mmoja bila kubisha hodi, na hizo hudai mtu azichungulie kila usiku ulio wazi. Wewe una usiku mmoja au miwili kwa wiki. Kwa hiyo nyota za kulipuka, kama SS Cygni inayopendwa sana Ulaya na Marekani, ziache. Zaidi ya hayo, SS Cygni ikilala hushuka hadi magnitudo ya 12 (magnitudo ni kipimo cha mwanga wa nyota kama tunavyouona), na darubini yako haifiki huko.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilijaza daftari majina ya nyota sitini kwa sababu zote zilinipendeza. Baada ya miezi mitatu kila moja ilikuwa na kipimo kimoja au viwili, na vipimo viwili vya nyota ya siku 300 havisemi chochote. Nyota tano zilizofuatiliwa mwaka mzima zina faida kubwa kuliko sitini zilizoguswaguswa, na hilo ndilo ningependa ulibebe katika jibu hili lote.

Sasa anga lako. Singida iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Una bahati ambayo mtu wa London hana: unaziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, na usiku wako una saa 12 hivi mwaka mzima. Lakini vitabu vingi vya nyota badilifu vimeandikwa na watu wa kaskazini, na ukifuata mapendekezo yao utahangaika. Delta Cephei, nyota ambayo kila kitabu humwanzishia mwanafunzi, kwako haipandi zaidi ya nyuzi 27 juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi na moshi wa mashamba. Chagua nyota zinazopita juu, karibu na utosi. Pia angalia mvua: kwenu zinakuja kati ya Novemba na Aprili, na Mei hadi Oktoba anga liko wazi wiki baada ya wiki. Basi nyota zako za msingi ziwe zile zinazoonekana vizuri wakati wa kiangazi.

Ndiyo maana namba moja ni Eta Aquilae, katika kundi la Ukabu, yaani Tai. Katikati ya Septemba, saa 3 usiku, iko karibu kabisa na utosi. Tafuta Altair, ile nyota angavu ya Ukabu, kisha panda nyuzi 8 kuelekea kusini, pungufu kidogo ya upana wa ngumi yako ukinyoosha mkono. Hiyo ndiyo Eta. Mwanga wake hupanda na kushuka kati ya magnitudo 3.5 na 4.4 kwa siku 7.177, bila kuchoka. (Kumbuka kipimo hiki kinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota ni angavu zaidi.) Huhitaji darubini, jicho tupu linatosha.

Usiku wa kwanza ufanye hivi. Kaa gizani dakika ishirini macho yazoee, wala usiguse simu. Kisha tazama nyota tatu za jirani ambazo hazibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua: Delta Aquilae yenye 3.4, Beta Aquilae yenye 3.7, na Iota Aquilae yenye 4.4. Jiulize swali moja tu: Eta iko kati ya zipi? Tuseme umeiona imefifia kuliko Beta lakini inaishinda Iota. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya 0.7. Ukiona Eta iko katikati hasa, ni 4.0 au 4.1. Ukiona imesogea zaidi kwa Beta, andika 3.9. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mtu aliyezoea hukosea kwa 0.1 au 0.2, na kosa hilo linavumilika kwa nyota inayobadilika kwa karibu 1.

Usifungue daftari kutazama ulichoandika juzi kabla ya kukadiria. Ukijua jana ilikuwa 3.8, jicho litaona 3.8 leo. Hili ni kosa la watu makini hasa, kwa kuwa wao ndio wanaotaka mchoro wao utoke mzuri.

Nyota hii ina historia inayostahili kufika darasani kwako. Septemba 1784, mjini York huko Uingereza, Edward Pigott aligundua kwamba Eta Aquilae inabadilika. Wiki chache baadaye rafiki yake John Goodricke akagundua Delta Cephei, na aina nzima ya nyota hizi ikapewa jina la ile ya pili: Sefeidi. Goodricke alikuwa kiziwi. Alifariki 1786 akiwa na miaka 21 tu, na kabla ya hapo alikuwa ameshaeleza kwamba nyota Algol hufifia kwa sababu kuna kitu kinachopita mbele yake. Wote wawili walitumia jicho na njia hiihii ya kulinganisha. Na Sefeidi ndizo ambazo mwanaastronomia wa Marekani Henrietta Leavitt, mwaka 1912, alionyesha kwamba kadiri mzunguko unavyokuwa mrefu ndivyo nyota inavyokuwa na mwanga mkubwa kwa asili yake. Kutokana na hapo watu wakapata namna ya kupima umbali wa magalaksi. Wanafunzi wakikuuliza kwa nini inapumua vile, waambie kuhusu heliamu iliyo ndani yake, inayofanya kazi kama kifuniko cha sufuria: hubana joto, nyota inavimba, kifuniko kinaachia, nyota inarudi.

Delta Librae, katika kundi la Mizani, nimeichagua kwa sababu ya ratiba yako ya kazi. Hizi ni nyota mbili zinazozungukana, na moja humfunika mwenzake kila baada ya siku 2, saa 7 na dakika 51. Mwanga hushuka kutoka 4.9 hadi 5.9. Zidisha muda huo kwa tatu: utapata siku 7 kasoro dakika 26 hivi. Maana yake, ukiikuta imefika chini kabisa Jumamosi saa 5 usiku, Jumamosi inayofuata itafika hapo tena karibu nusu saa mapema, na inayofuata vivyo hivyo. Sijui nyota nyingine angavu inayomfaa hivi mtu mwenye wikendi tu. Toka nje jioni za Juni na Julai, itazame mara moja tu kila usiku ulio wazi hadi uikute imefifia, kisha hesabu wiki. Siku ya kupatwa kwake lete kiti, darubini na daftari, na ukadirie kila baada ya dakika kumi na tano. Unachotafuta ni saa na dakika ilipofika chini kabisa. Saa hizo zikikusanywa kwa miaka huonyesha kama mzunguko unabadilika.

Sasa nije kwenye majitu mekundu, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndizo nyota ninazozipenda na ndizo zinazomfaa zaidi mtu mwenye usiku mchache. R Hydrae na Mira ni nyota kuukuu zilizovimba, zinazopanda na kushuka kwa karibu mwaka mzima. Kadirio moja kila wiki au kila siku kumi linatosha. Ukizitazama kila usiku hupati faida. Zinabadilika polepole mno, na utakuwa unaikadiria kumbukumbu yako badala ya nyota.

R Hydrae iko katika kundi la Shuja, nyoka wa maji. Katikati ya Juni, saa 3 usiku, tafuta Spica karibu na utosi, kisha shuka kusini ngumi moja na kidogo hadi Gamma Hydrae yenye magnitudo ya 3. R iko mashariki yake, umbali usiofika nyuzi 3, na zote mbili zinaingia pamoja ndani ya darubini yako. Ikiwa juu unaiona kwa jicho. Ikishuka kabisa inakwenda zaidi ya 9, na hapo darubini yako inafika mwisho wa uwezo wake. Usiku usioiona kabisa nao una thamani: andika nyota hafifu kuliko zote uliyoiona karibu yake, kwa alama ya kuonyesha kwamba R ilikuwa chini ya hapo.

Lakini iangalie kwa sababu hii: saa yake inabadilika. Mwanaastronomia Maraldi alipoitambua kuwa nyota badilifu mwaka 1704, ilikuwa ikichukua karibu siku 500 kumaliza mzunguko. Karne mbili na nusu baadaye ilikuwa imeshuka chini ya siku 400. Tunajua hivyo kwa sababu katika kila kizazi alikuwepo mtu aliyetoka nje akaikadiria na kuandika tarehe. Hakuna mashine inayoweza kurudi nyuma kuipima karne ya 18. Yanayoipata ndani yake bado yanajadiliwa, na makadirio yako ya mwaka huu yataungana na mstari huohuo.

Mira nayo haihitaji utangulizi mrefu: David Fabricius aliiona 1596, na huzunguka kwa siku 332 hivi. Hii ifanye nyota yako ya alfajiri. Katikati ya Agosti, saa 11 alfajiri, iko utosini mwa Singida. Unatoka nje kabla ya kwenda kuoga, dakika tano zinatosha, unarudi ndani. Kuanzia Oktoba utaiona jioni upande wa mashariki. Kilele chake huja mwezi mmoja hivi mapema kila mwaka, kwa hiyo ipo miaka kinapoangukia Aprili na Mei, Jua likiwa karibu nayo. Miaka hiyo itakuponyoka, nawe usijilaumu.

Kwa nyota hizi nyekundu jihadhari na jambo moja. Ukizikodolea macho, jicho hukusanya wekundu na nyota huonekana angavu kuliko ilivyo. Tupa jicho haraka, mara mbili tatu, au vuruga kidogo fokasi ya darubini ili nyota zote ziwe vidoa vya mwanga, kisha linganisha vidoa.

Suala la saa limewaponza Waswahili wengi, mimi nikiwa mmojawapo. Vipimo vyote duniani huandikwa kwa saa ya Greenwich. Saa 3 usiku yetu ni 21:00 ya Afrika Mashariki, na hiyo ni 18:00 ya Greenwich. Niliwahi kuandika miezi minne nikichanganya saa tatu ya kusema na saa tatu ya simu, na makadirio yale yote niliyafuta kwa kuwa sikuweza tena kujua lipi ni lipi. Tena sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumapili", mwingine anauita usiku wa Jumamosi, na saa 8 usiku wa tarehe 5 kwetu bado ni tarehe 4 Greenwich. Andika saa ya simu, saa 24, na tarehe iliyo kwenye simu wakati huohuo, kisha toa saa tatu ukiwa mezani. Wanaastronomia hutumia pia hesabu ya siku za Julian, inayoipa kila siku namba yake na kubadilisha namba hiyo saa sita mchana Greenwich, yaani saa 9 alasiri kwetu. Hiyo imetukaa vizuri, kwa sababu usiku wetu mzima, toka magharibi hadi alfajiri, unabaki ndani ya namba moja.

Mvua zikianza, mawingu yatakupa matundu ya dakika kumi tu. Wakati huo chukua Betelgeuse katika kundi la Jabari, maana haihitaji ramani wala darubini. Ilinganishe na Procyon (0.4), Aldebaran (0.9) na Pollux (1.1), ukichagua zile zilizo juu sawa nayo, kwa sababu nyota iliyo chini hupunguzwa mwanga na hewa. Februari 2020 ilishuka hadi 1.6 hivi, ikawa sawa na Bellatrix jirani yake, na kila aliyekuwa na mazoea ya kuitazama alishtuka kwa jicho tupu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilitema gesi iliyopoa ikawa vumbi na kuifunika. Ukitaka kuongeza za kusini, liko kundi la Mkuku, jina ambalo mabaharia wetu hawahitaji kufafanuliwa: humo mna l Carinae, Sefeidi ya siku 35.5, na R Carinae, jitu jekundu la siku 309.

Na ipo moja ambayo siihesabu kama kazi. T Coronae Borealis ililipuka 1866 na tena 1946, na tangu 2024 wengi wamekuwa wakiitarajia. Jioni za Mei hadi Septemba, ukimaliza makadirio yako, geukia kaskazini ulitazame lile nusu duara la kundi lake, Taji la Kaskazini. Kwa kawaida T ina magnitudo ya 10, huioni. Mwaka 1866 ilifikia 2, sawa na Alphecca iliyo angavu kuliko zote humo, na baada ya siku chache ilikuwa imeshazama tena. Ni sekunde tano tu za kugeuza shingo.

Hukuuliza, lakini najua swali hili litakujia: kuna kamera zinazopiga picha anga zima kila usiku, jicho la mwalimu lina kazi gani? Mradi kama ASAS-SN umetengenezwa kwa ajili ya nyota hafifu. Nyota angavu hufurika kwenye kamera zake, kama sauti kubwa inavyokwaruza kwenye spika ndogo. Nyota ninazokupa ni za kundi hilo. Tena watazamaji wengi wako kaskazini. Kusini wamekuwa wachache lakini hodari: Albert Jones wa New Zealand alifikisha makadirio zaidi ya 500,000 maishani mwake, na Danie Overbeek wa Afrika Kusini zaidi ya 250,000. Kati yao na Ulaya kuna anga letu, na wanaoliandikia ni wachache mno.

Makadirio yako yapeleke AAVSO, jumuiya ya Marekani ya watazamaji wa nyota badilifu, iliyoanzishwa 1911 na yenye hifadhi ya makadirio zaidi ya milioni 50. Unafungua akaunti, unapewa herufi zako za utambulisho, na huhitaji kuwa mwanachama. Ramani za nyota zako utazipata hukohuko. Usishangae ukiona "37" mahali pa 3.7: nukta wameiondoa makusudi isije ikadhaniwa ni nyota. Kwa kila kadirio andika nyota ulizolinganisha nazo na namba ya ramani.

Ukifikisha makadirio ishirini ya Eta Aquilae, yalete darasani kabla ya kuonyesha mchoro wa mtu mwingine yeyote. Chukua idadi ya siku tangu kadirio la kwanza, gawanya kwa 7.177, tupa namba nzima, baki na desimali. Siku ya 16 inatoa 2.229, unabaki na 0.229, siku ya 30 inatoa 4.180, unabaki na 0.180. Siku hizo zimeachana wiki mbili, lakini kwenye mchoro zinakaa karibu kabisa. Wape wanafunzi karatasi ya grafu, desimali ziende chini, magnitudo pembeni, namba ndogo ikiwa juu. Mlima utajitokeza: mpando mkali, mteremko mrefu. Nukta mbili tatu zitakaa nje ya mstari. Zile usiziruhusu zifutwe. Rudi kwenye daftari uone usiku ule kulikuwa na mbalamwezi, au vumbi, au ulikuwa umechoka.